Kufuli Langu na Ng'ombe wa Mahari

Mnakujaga hapa kwangu Musoma na kompyuta zenu mgongoni, mnakaa kwenye kochi, mnakunywa soda yangu, halafu swali ni lilelile: Mama Nyangeta, tujifunze lugha gani ya programu ili na sisi tusanifu mifumo ya taifa? Nami nawajibu kwa swali, mnachukia. Nawauliza kama mtu amewahi kusimama kwenye zizi la watu asubuhi, miguu kwenye samadi, akauliza huyu ng'ombe ni wa nani, akasubiri jibu mpaka liishe. Mnacheka. Wengine mnatazamana, mnafikiri uzee umeniingia kichwani. Haya. Leo nimeamua kuwaandikia, maana mkiwa mnasoma hamtanikatiza.

Kazi yangu ilikuwa usanifu wa mifumo. Programu zenyewe waliandika vijana wenye macho mazuri kuliko yangu. Mimi nilichora: taarifa itaingilia wapi, itakaa wapi, nani aione, nani asiione, na mtandao ukikatika nchi nzima ifanyeje. Nimechora mifumo kadhaa, lakini ulionizeesha ni ule wa mifugo. Kila ng'ombe alivishwa hereni yenye namba, na namba ile ikajulikana kuanzia makao makuu mpaka kwa bwana mifugo wa kata. Ukitaka kumhamisha ng'ombe au kumpeleka mnadani, bwana mifugo anakutolea kibali ndani ya mfumo. Ugonjwa ukitokea, mfumo unafunga: vibali havitoki, na kwenye kizuizi cha barabarani wanaona alama nyekundu. Kwa hiyo haukuwa wa kutunza habari tu. Ukisema ng'ombe asitembee, hatembei.

Na mfumo wenye uwezo wa kumzuia mtu, ukikosea, unamkosea mtu. Shikeni hilo kwanza, ya lugha ya programu tutaongea baadaye.

Nianze na kosa la kuchekesha, la kuumiza linakuja. Mwanzoni nilichora kana kwamba Tanzania nzima imekaa pale ofisini kwetu Dodoma. Bwana mifugo akiingiza taarifa, sharti zifike makao makuu papo hapo, zisipofika zinafutika. Nilijivunia kweli, nikaonyesha michoro mbele ya wakubwa, wakapiga makofi. Baada ya miezi michache nikaona ajabu: taarifa zote za upande wa Kibara zinaingia mchana, zote kwa mpigo, na zote zinatoka sehemu moja katikati ya mji wa Bunda. Nikasema, huyu nimemkamata! Anakaa mjini anapika taarifa. Nikasafiri mwenyewe, uso nimeukunja tangu Singida.

Ramani ikanifikisha kwenye banda la chipsi. Juu ya ndoo ya viazi kulikuwa na kishikwambi cha serikali ndani ya mfuko wa rambo, pamoja na daftari. Muuza chipsi akanieleza kwa upole wote kwamba vitu hivyo huletwa na bodaboda kutoka Kibara, kwa sababu kule mtandao haushiki. Yeye akipumua kidogo na wateja ananawa mikono, anaingiza yaliyoandikwa kwenye daftari, kisha bodaboda anarudisha. Yaani kumbukumbu za taifa zilikuwa zinaingizwa kati ya chipsi kavu na chipsi mayai. Nikakagua kazi yake nikitafuta makosa. Sikuona hata moja, na wengine niliowasomesha kwenye semina walikuwa na makosa kila ukurasa.

Nikaenda Kibara kumfokea mwenye daftari. Ndipo nilipokutana na Mzee Mafuru, bwana mifugo, mtu mfupi mwenye pikipiki kuukuu na buti za mpira ambazo sikuwahi kumwona bila hizo, hata kanisani. Akanisikiliza mpaka pumzi ikaniishia. Kisha akanikaribisha samaki sato kwa ugali wa muhogo, nikala, na hasira ya mtu aliyeshiba mnaijua inavyokuwa. Akaniambia, "Mama, mfumo wako haujuagi kusubiri. Mimi ng'ombe akizaa nasubiri. Mvuvi anasubiri. Huu wako una haraka ya kwenda wapi?"

Nilirudi Dodoma nikachora upya, taarifa zikae palepale kwenye kishikwambi hata wiki nzima, zijitume zenyewe siku zikipata mtandao. Mkichora kitu cha nchi nzima, kifundisheni kusubiri.

Tangu hapo Mzee Mafuru akawa mwalimu wangu, ingawa yeye alikuwa na cheti tu na mimi digrii mbili ukutani. Yeye ndiye aliyegundua kwamba nchi nzima ng'ombe wamezaliwa tarehe mosi Januari. Jamani, niliaibika! Fomu ilidai tarehe ya kuzaliwa, na haikukubali kuachwa wazi. Sasa mfugaji wa Bunda atajuaje tarehe? Anajua alizaliwa pamba ikichumwa, au mwaka ule mvua ziligoma. Bwana mifugo naye, ili fomu ipite, anagonga ile ya kwanza inayokuja. Mzee Mafuru akasema fomu isiyokubali neno "sijui" inafundisha watu kusema uongo. Nikaweka "sijui" kila mahali palipostahili. Mkurugenzi wangu akanuna, akasema tunaonekana hatujui kazi. Nikamwambia ndiyo, mahali ambapo hatujui, tuonekane hatujui.

Sasa lile la kuumiza.

Kaka yangu Magesa anakaa Nyasura, palepale Bunda mjini, na mtoto wake Masatu alikuwa anataka kuoa Butiama, kwa Mzee Wambura. Binti anaitwa Wakuru, mwalimu, mcheshi, tulimpenda wote. Harusi ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa msiba upande wetu, mara ya pili kwa uzembe, upande wetu tena. Mzee Wambura akasema sasa basi. Ng'ombe wa mahari wafike Jumamosi, kama hawafiki, binti yake hatakaa akisubiri ukoo usiojua siku za wiki. Nikachukua likizo, nikaja na vitenge vyangu na furaha yangu yote.

Ng'ombe wenyewe walikuwa Kibara kwa rafiki wa kaka. Nanyi watoto wa mjini niwaeleze: huku kwetu mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Anagawa. Watano kwa rafiki, watatu kwa shemeji, wawili kwake. Anayetunza anakunywa maziwa, mwenye mali ni yuleyule, na urafiki unakaa hai. Ugonjwa au wezi wakija upande mmoja, hujaisha. Nimezaliwa kwenye desturi hiyo, nimekunywa maziwa ya ng'ombe wa watu utoto wangu wote. Lakini nilipokaa ofisini kuchora, niliandika nini? Niliandika mfugaji mmoja, zizi moja, ng'ombe wake humo. Na kufuli la ugonjwa nikalifunga kwenye namba ya mwenye mali. Kwangu lilikuwa jambo dogo, mstari mmoja kwenye mchoro. Nilichora huku nasikiliza redio.

Jumatano ya wiki ile ng'ombe mmoja wa kaka pale Nyasura akaanza kutoka mate na kuchechemea. Mzee Mafuru, ambaye wakati huo alikuwa amehamishiwa Bunda mjini, akaja, akamfungua mdomo, akasema ni ugonjwa wa miguu na midomo. Akaingiza taarifa. Mfumo ukafanya nilivyouagiza: ukafunga kila ng'ombe mwenye jina la Magesa, popote alipo. Wale wa mahari kule Kibara, ambao hawajaonana na huyo mgonjwa tangu wavishwe hereni, wakawa wekundu. Kibali hakuna. Butiama hawaendi.

Kesho yake Masatu alinikuta jikoni kwa wifi yangu nikichambua mchele. Akasimama mlangoni, na nikajua anachokuja kusema kabla hajafungua mdomo, maana nilikuwa nimekifikiria mimi mwenyewe tangu asubuhi. Wakati ule msanifu mkuu, yaani mimi, alikuwa na ufunguo wa kufungua kufuli lolote nchini kutoka kwenye simu yake. Mtu mmoja, kidole kimoja. Niliuweka mimi, kwa dharura.

"Shangazi," akasema, "si mfumo ni wako? Fungua tu. Ni ng'ombe wanane."

Nawaambia ukweli, nilitaka. Nilijua kabisa wale wa Kibara ni wazima. Nilijua kosa ni langu, si lao. Lakini nilijua pia kwamba siku ile msanifu mkuu akifungua kwa ajili ya mtoto wa kaka yake, kesho mkurugenzi atafungua kwa ajili ya shemeji yake, na keshokutwa lile halitakuwa kufuli tena, litakuwa pambo. Nikamwambia Masatu sifungui. Aliondoka, na wifi yangu akachukua ule mchele mikononi mwangu akauchambua mwenyewe. Kaka akala chakula bila kunitazama. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kufuli nililowawekea watu wa Tanzania nzima sasa lilikuwa mlangoni kwetu. Nililia chooni, msiniulize kwa nini chooni, ndipo penye komeo.

Mtaniuliza kwa nini nisirekebishe mchoro harakaharaka. Wanangu, mfumo wa taifa haurekebishwi Alhamisi ili utumike Jumamosi. Ukigusa kufuli la Nyasura umegusa la Ngara na la Newala. Linajaribiwa kwanza, watu wawili watatu wanalipinga, ndipo linaingia.

Ijumaa asubuhi nikaenda zizini na Mzee Mafuru, si kwa sababu nilikuwa na mpango, ila ndani ya nyumba nilikuwa sitazamiki. Nikamweleza kosa langu lote. Hakunipa pole. Akaanza kunionyesha ng'ombe mmoja mmoja na kuniuliza: huyu wa nani, na analala wapi, na maziwa yake anakunywa nani? Akasema mimi niliuliza swali moja nikadhani nimepata majibu matatu. Akaja mpaka kwenye kona moja tupu ya zizi, akasimama, akashika kiuno.

Akamwita kaka, akamuuliza. Wale ng'ombe watatu wa rafiki yako wa Kabasa, waliokuwaga hapa, wako wapi? Kaka akasema mwenyewe amewachukua alfajiri, leo si mnada? Na kibali anacho, amekitoa kwenye mfumo kupitia ofisi nyingine, kimekubali bila shida.

Mmeelewa? Kufuli langu lilifuata jina la mtu. Ng'ombe wazima wa Magesa kule Kibara walikuwa wamefungwa, na hawa watatu, waliolala ubavu kwa ubavu na mgonjwa, waliokunywa ndoo moja naye, walikuwa huru kwa sababu wana jina lingine. Mfumo wa taifa ulikuwa umewapa baraka waende kusimama katikati ya mamia ya ng'ombe wa watu.

Mzee Mafuru alipiga teke pikipiki yake, ikagoma, akapiga tena, ikawaka, nami nikajikuta nimekaa nyuma nimevaa viatu vya ofisi, kitenge nimekikunja juu ya magoti, mtu mzima na digrii zangu mbili. Tulipita Kabasa watu wakishangilia, wakidhani sijui ni harusi imeanza. Kila tukikuta ng'ombe barabarani Mzee Mafuru anapunguza mwendo, nami nainama nisome hereni kama msomaji wa mita za maji. Hao siyo. Hao siyo. Mchungaji mmoja akaniuliza kama nanunua, nikamwambia natafuta masikio.

Tuliwakuta wamebakisha kona moja tu kufika mnadani, wanakula majani pembeni, mwenyewe ameketi anafunga kamba ya kiatu. Mzee Mafuru akashuka, akachomoa kitabu cha karatasi, kile cha zamani nilichowahi kumkejeli kwacho, akaandika zuio kwa mkono, akapiga muhuri juu ya tenki la pikipiki. Yule bwana akalalamika kwamba mfumo umemruhusu. Mzee Mafuru akamjibu, "Mfumo umekuruhusu. Mimi nimekukatalia." Kisha akanionyesha kwa kidevu. "Mwenye mfumo yule pale, muulize."

Nikasema ndiyo, mfumo umekosea, na aliyekosea ni mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti, na nilijisikia mwepesi mpaka nikaanza kucheka, na Mzee Mafuru akacheka, na mwenye ng'ombe naye akacheka bila kujua anacheka nini. Nikapiga simu Dodoma, wakawaandikia mabwana mifugo wote kwamba mpaka itakapotangazwa vinginevyo, penye ugonjwa wafunge zizi zima kwa karatasi, wasitegemee mfumo. Wawili kati ya wale watatu walianza kutoka mate Jumatatu yake.

Lakini Ijumaa haikuwa imeisha, na Jumamosi ilikuwa palepale. Nikamwomba Mzee Mafuru anipeleke Butiama.

Mzee Wambura alitupokea vizuri, akatuwekea viti, akatuuliza habari za nyumbani, za mvua, za ziwa. Ni mtu mrefu, anaongea kidogo, na kile kidogo anakiongea taratibu mno. Mimi nilikuwa nimejiandaa kubembeleza. Badala yake nikajikuta namweleza yote yalivyo: kwamba ng'ombe wako Kibara, ni wazima, hawawezi kutoka kesho, na aliyewafunga si ugonjwa, ni mimi niliyechora vibaya. Nikamwambia pia kwamba ufunguo ninao, huu hapa mfukoni, na nimekataa kuutumia, na kwa hilo Masatu na baba yake hawasemi nami. Akitaka kuwaadhibu watoto, aniadhibu mimi.

Mzee Wambura aliinuka kwenye kiti. Mzee Mafuru akatazama buti zake.

"Miaka ya nyuma nilikuwaga na ng'ombe wengi pale," akasema, akaonyesha uwanda mtupu nyuma ya nyumba. "Waliisha wote. Ugonjwa uliletwa na ng'ombe wa mtu mmoja. Vibali alikuwa navyo, vizuri kabisa, ana ndugu ofisini."

Akaniambia alipopata habari jana kwamba ng'ombe wetu wamefungwa, na kwamba shangazi wa bwana harusi ndiye mwenye ufunguo, alimwambia mke wake wasubiri. Kama ng'ombe wakija Jumamosi na kufuli lingalipo, watajua wameozesha kwa watu gani.

"Sasa hawaji," akasema. "Kwa hiyo mtoto wangu anakuja."

Nikamuuliza, na mahari je? Akanishangaa kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. Akasema ng'ombe si wako Kibara kwa mtu mwaminifu? Basi wakae. Tangu leo ni wake, anayewatunza ni yuleyule, na siku Mzee Mafuru akisema njia imefunguka ataamua kama anawaleta au anawaacha. Kwani lazima ng'ombe aje umwone kila asubuhi ndiyo awe wako? Mashahidi walikuwa wawili, Mzee Mafuru na mke wa Mzee Wambura. Imekwisha. Nami nikiwa nimekaa pale, msanifu mkuu, nikaona kwamba mfumo wangu haukuwa na ukurasa hata mmoja wa jambo hilo: ng'ombe kubadili mwenye mali bila kubadili zizi. Nilikuwa nimechora nchi ambayo mali haihami mpaka miguu ihame.

Ilituchukua miezi mingi kuchora upya. Mwenye mali tukamweka peke yake, mahali ng'ombe anapolala peke yake, anayemtunza peke yake, na kufuli tukalifunga kwenye mahali. Ufunguo wangu wa kidole kimoja nikauondoa kwa mkono wangu. Sasa yeyote mwenye dhamana anaweza kufunga, hata bwana mifugo wa kata akiwa na wasiwasi tu. Kufungua kunataka watu wawili wa ofisi mbili tofauti, na majina yao yanaonekana. Kitabu cha karatasi tukakirudisha rasmi. Wakubwa waliniuliza mshauri gani wa kimataifa ametupa mawazo hayo, nikawatajia Mzee Mafuru na mzee mmoja wa Butiama, wakaandika majina kwa uangalifu sana.

Ila Ijumaa ile sikujua yote hayo. Nilichojua ni kwamba nilipaswa kurudi Nyasura kumwambia Masatu. Nilimkuta amekaa nje peke yake, suti ya harusi imetundikwa kwenye kamba ya nguo nyuma yake. Nikamwambia maneno ya baba mkwe wake kama alivyoyasema, neno kwa neno, na yale ya uwanda mtupu pia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akanishika mikono yote miwili, akalia, na wifi yangu ndani akapiga kigelegele kabla hata hajaambiwa ni cha nini.

Kesho yake tulikwenda Butiama ukoo mzima bila ng'ombe hata mmoja mbele yetu. Mzee Wambura alikuwa amesimama njiani anatusubiri. Akapita wanaume wote, akampita kaka yangu, akaja mpaka kwangu, akanipokea mkoba wangu, na akatembea nao mpaka nyumbani kwake.